Fatiha mara 17 kwa siku, je, mtoto wako anaielewa?

Shukrani zote anastahiki Mwenyezi Mungu (S.W.), aliyezitofautisha ndimi za wanadamu na rangi zao, akaijaalia tofauti hiyo kuwa miongoni mwa ishara Zake kwa wenye kuzingatia. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Swala tano za faradhi zina rakaa 17. Katika kila rakaa husomwa Sura Al-Fatiha, yenye aya saba. Kwa hiyo Muislamu anayetimiza faradhi peke yake, bila ya kuongeza sunna hata moja, huisoma sura hiyo mara 17 kwa siku, na mara 6,205 kwa mwaka. Mtoto aliyeamrishwa swala akiwa na umri wa miaka saba, kama tulivyofundishwa na Mtume wetu, akidumu nayo mpaka afike miaka 17 atakuwa ameisoma zaidi ya mara 60,000.

Sasa, ndugu msomaji, leo baada ya swala ya Ijumaa mkae pamoja na kijana wako wa umri huo, umwulize kwa upole maana ya maneno mawili tu ya sura hiyo. Usimwombe tafsiri ya aya nzima. Mwulize neno *na'budu* lina maana gani, na neno *ihdina* linaomba nini. Katika nyumba nyingi jibu litakuwa kimya na tabasamu la haya. Kijana ameyatamka maneno hayo mara elfu sitini, na bado ni mgeni kwayo.

Hatusemi haya kwa kuidharau kazi ya madrasa zetu. Madrasa ndizo zilizoihifadhi Qur'an katika vifua vya watoto wa mwambao na wa bara kwa karne nyingi, mara nyingi chini ya mti au katika baraza ya nyumba ya mtu, na kwa malipo yasiyotosha hata nauli ya mwalimu. Na kusoma Qur'an bila ya kufahamu maana kuna thawabu zake, hilo halina mjadala. Lakini Qur'an yenyewe, katika Sura Yusuf aya ya 2, inaeleza kwamba imeteremshwa kwa Kiarabu ili watu wapate kufahamu. Kufahamu ndilo lengo lililotajwa, na mtoto aliyenyimwa lengo hilo hufika wakati, hasa akiingia sekondari, akaiona madrasa kuwa ni mahali pa watoto wadogo. Tunawapoteza vijana wengi katika umri huo, na sababu mojawapo, kwa maoni yangu, ni namna tunavyofundisha lugha ya Kiarabu.

Masomo mawili katika mkeka mmoja

Katika madrasa zetu kuna masomo mawili ambayo tumeyachanganya mpaka yakawa kama moja. Somo la kwanza ni tilawa, yaani kuisoma Qur'an kama ilivyoteremshwa. La pili ni lugha, yaani kukisema, kukisikia, kukisoma na kukiandika Kiarabu kama lugha ya watu wanaozungumza.

Tilawa ni amana. Hapo hakuna ruhusa ya kubadilisha hata herufi moja, na mwalimu hana budi kumsimamisha mtoto kila anapokosea. Mtoto asiyetenganisha *qaf* na *kaf* atakusudia kusema *qalb*, yaani moyo, akasema *kalb*, yaani mbwa. Mwalimu anayeliachia kosa kama hilo katika Qur'an ameikosea amana yake.

Lugha haipatikani kwa mwendo huo. Lugha ni maongezi, na hakuna mtoto aliyejifunza kuongea bila ya kukosea. Tuwatazame watoto wetu wenyewe. Mtoto wa miaka miwili husema maneno nusu nusu, na mama yake hufurahi, humjibu, na hulirudia neno kwa usahihi bila ya kumkemea. Baada ya miaka michache mtoto huyo anasema Kiswahili fasaha. Hakuna mama aliyemfundisha mwanawe Kiswahili kwa kumkatiza kila neno.

Lakini mwalimu akimaliza kipindi cha tilawa na kuingia katika kipindi cha lugha, mara nyingi huingia na hali ile ile, mkeka ule ule na bakora ile ile. Mtoto anajaribu kusema kwamba hii ni madrasa, akasema *hadha madrasa* badala ya *hadhihi madrasa*. Hapo hapo anakatizwa, wenzake wanacheka, na pengine bakora inamgusa begani. Akifanyiwa hivyo mara tatu, hujifunza jambo moja la uhakika: kwamba salama iko katika kufunga mdomo. Na katika somo la lugha, mdomo uliofungwa ndio ugonjwa wenyewe.

Hivyo basi, jambo ninalowaomba wazazi na walimu ni kuyatenganisha masomo haya mawili. Tilawa ibaki na ukali wa usahihi wake, udhu wake na utulivu wake. Lugha ipewe kipindi chake, na katika kipindi hicho mtoto apewe ruhusa ya kusema, kukosea, kucheka na kusema tena.

Hili si geni katika dini yetu

Imam Muslim amepokea habari ya sahaba Muawiya bin Al-Hakam As-Sulami, ambaye alizungumza ndani ya swala kwa kutojua. Watu wakamkazia macho mpaka akafadhaika. Mtume (S.A.W.) alipomaliza kuswali hakumkemea, hakumpiga wala hakumtukana. Alimweleza tu kwamba katika swala hayafai maneno ya kawaida ya watu. Sahaba huyo akashuhudia kwamba hakupata kuona, kabla yake wala baada yake, mwalimu bora kuliko Mtume. Ikiwa kosa ndani ya swala lilisahihishwa kwa upole wa namna hiyo, vipi kosa la *hadha* na *hadhihi*?

Zayd bin Thabit (R.A.), kama ilivyopokewa na Tirmidhi, aliagizwa na Mtume ajifunze maandishi ya Mayahudi, akayamudu kwa muda wa nusu mwezi hivi. Alikuwa na akili nyingi, lakini tuzingatie pia kwamba alijifunza kwa haja iliyokuwa mbele yake. Kulikuwa na barua za kusomwa na barua za kujibiwa. Lugha inayotumika siku ile ile inayofundishwa hukaa kichwani.

Naye Ibn Khaldun (1332–1406), katika Muqaddima yake, ameeleza kwamba lugha ni uzoefu unaokita katika nafsi kwa kurudiwa rudiwa, na kwamba kujua kanuni za lugha si sawa na kuimudu lugha yenyewe. Amepiga mfano wa mtu awezaye kueleza kazi ya kushona hatua kwa hatua, lakini ukimpa sindano na uzi hawezi kushona. Mwanachuoni huyo huyo ameonya kwamba ukali kwa wanafunzi huwaondolea uchangamfu na kuwazoesha uvivu na uongo.

Wala asiseme mtu kwamba Kiarabu ni cha Waarabu na sisi hatukiwezi. Sibawayh, ambaye kitabu chake ndicho marejeo makuu ya nahau ya Kiarabu mpaka leo, alikuwa Mfursi. Imam Bukhari alizaliwa Bukhara, mbali na bara Arabu. Wote hao walikifikia Kiarabu kwa kujifunza.

Mtaji ambao watoto wetu wanao

Mtoto wa Kiswahili anapoketi kujifunza Kiarabu haanzi mikono mitupu. Amebeba kinywani mamia ya maneno yenye asili ya Kiarabu, ila hakuna aliyemwonyesha. Kitabu, kalamu, karatasi, daftari, samaki, sukari, asali, sabuni, sahani, bahari, rafiki, wakati, dakika. Katika hesabu anayo sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mpaka mia na elfu. Hata vijineno vidogo kama kabla, baada, lakini, bila na hata, vimetoka huko.

Turudi kwenye Fatiha tuliyoanza nayo. *Hamdu* ni ndugu wa neno kuhimidi, na ndani yake mna majina ya Muhammad na Ahmad. *Rahman* na *Rahim* ni ndugu wa rehema. *Malik* ni ndugu wa kumiliki na milki. *Na'budu* ni ndugu wa ibada na kuabudu, na wa jina la Abdallah. *Nasta'in* ni ndugu wa kuauni, tunaposema Mungu atuauni. *Ihdina* ni ndugu wa kuhidi, tunaposema Mungu amhidi. *An'amta* ni ndugu wa neema, na *maghdub* ni ndugu wa ghadhabu. Mtoto akionyeshwa udugu huu kwa siku saba, neno moja au mawili kila siku, ataiswali Fatiha yake ya siku ya nane kwa moyo mwingine kabisa. Kazi hiyo haihitaji fedha wala cheti.

Mwalimu akipanda hatua moja, aonyeshe namna herufi tatu zinavyozaa ukoo wa maneno. Kutokana na *kaf*, *ta* na *ba* tumepata kitabu, katibu, katiba, mkataba na maktaba, na yote yanahusu kuandika. Kutokana na *ha*, *kaf* na *mim* tumepata hakimu, hukumu, hekima na mahakama. Watoto wa darasa la nne au la tano huufurahia mchezo huu kama kitendawili: mwalimu anataja neno moja, wao wanatafuta ndugu zake.

Hata katika muundo wa lugha tuna njia ya mkato. Mtoto wetu amezoea kubadilisha mwanzo wa kitenzi: naandika, unaandika, anaandika. Kiarabu nacho hubadilisha mwanzo: *aktubu*, *taktubu*, *yaktubu*. Amezoea pia kwamba tunasema kitabu hiki lakini nyumba hii. Basi mwalimu asimtishe kwa *hadha* na *hadhihi*. Amwambie tu kwamba Kiarabu nacho kina ngeli zake, na ni mbili, ya kiume na ya kike.

Pamoja na hayo, mtaji huu una mitego. Labda kwetu ni shaka, na asili yake ya Kiarabu, *la budda*, ni jambo lisiloepukika. Tajiri kwetu ni mwenye mali, kwao *tajir* ni mfanyabiashara, hata awe na duka la chumvi. Rahisi kwa Kiarabu ni kitu cha bei ndogo, na jambo lisilo gumu huitwa *sahl*. Katika matamshi, Kiswahili kimezichukua herufi tatu tofauti kikazifanya h moja katika haki, habari na hewa, na herufi nyingine tatu kikazifanya dh moja katika dhambi, dhaifu na adhuhuri. Mwalimu mwerevu huifanya mitego hii kuwa sehemu ya raha ya somo, kwa kuwaachia watoto waigundue wenyewe.

Namna ya kufundisha

Kwanza, sikio na mwili vitangulie kalamu. Katika majuma ya mwanzo mwalimu aseme amri fupi huku akizitenda: *qum*, naye anasimama, *ijlis*, anakaa, *iftahil-baab*, anafungua mlango, *khudhil-kitaab*, anachukua kitabu. Watoto watende pamoja naye bila ya kulazimishwa kusema. Baadaye anyamaze kutenda, aseme tu, na wao watende. Mwishowe mtoto mmoja awe ndiye mwenye kuamrisha, na mwalimu awe miongoni mwa wenye kutii. Hapo utasikia vicheko, na utaona kwamba hakuna aliyesahau. Mwanasaikolojia James Asher wa Marekani aliieleza njia hii kitaalamu katika miaka ya 1960. Na watoto hawatakawia kugundua kwamba *iftah* na Fatiha ni ndugu, kwani Fatiha ni ufunguzi.

Pili, mwalimu alete vitu. Mtume (S.A.W.) alipotaka kuwaeleza masahaba habari ya mwanadamu, ajali yake na matumaini yake, alichora mistari ardhini, kama alivyopokea Bukhari kutoka kwa Ibn Mas'ud. Basi mwalimu naye asiogope kuja na kikapu cha sokoni. Atie ndani bamia, limau, zabibu, kipande cha sabuni, sahani na kalamu. Mtoto atie mkono bila ya kutazama, ashike kitu, na wenzake wamwulize *maa hadha?* Neno lililoshikwa kwa mkono halifanani na neno lililonakiliwa ubaoni.

Tatu, tusimulie visa. Watoto hupenda kisa, na visa vya Mitume wanavijua tayari kwa Kiswahili. Wakisikia kisa cha Nabii Yusuf kwa Kiarabu chepesi, yale wanayoyajua yatawasaidia kuyafahamu wasiyoyajua. Sheikh Abul Hasan Ali Nadwi wa India, aliyefariki mwaka 1999, aliandika mfululizo wa visa vya Mitume kwa ajili ya watoto wasiokuwa Waarabu, kwa sentensi fupi na maneno machache yanayorudiwa mara nyingi. Alijua kwamba marudio ndani ya kisa hayamchoshi mtoto, bali humpa furaha ya kukutana tena na neno analolijua.

Nne, vipindi viwe vifupi na marudio yawe na mpango. Ibn Mas'ud (R.A.) alikuwa akiwawaidhi watu kila Alhamisi. Mtu mmoja alipotamani awawaidhi kila siku, alijibu kwamba anachelea kuwachosha, kama Mtume naye alivyokuwa akichelea kuwachosha wao. Mtoto aliyetoka shule saa nane, akafika madrasa baada ya alasiri, hawezi kubeba saa mbili za nahau. Dakika 20 za lugha zinatosha, zikiwa za kila siku. Na maneno ya leo yarudiwe kesho, kisha baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki, kisha baada ya mwezi. Mtume (S.A.W.) amemfananisha mwenye Qur'an na mwenye ngamia waliofungwa: akiwaangalia hubaki nao, akiwaachia huenda zao. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, katika kitabu chake cha mwaka 1885, alionyesha kwa majaribio kwamba tulichojifunza huanza kututoka mapema sana, na kwamba marudio yaliyopangwa kwa nafasi hukihifadhi.

Tano, kusahihisha kuwe ni kurudia kwa usahihi. Mtoto akisema *hadha madrasa*, mwalimu ajibu kwa uso mkunjufu: *Na'am, hadhihi madrasa. Hadhihi madrasa kabira.* Mtoto amesikia usahihi, mazungumzo hayakukatika, na hakuaibika. Likirudi kosa hilo hilo kwa watoto wengi, mwalimu aliweke katika somo la siku nyingine, bila ya kumtaja mtu.

Sita, nahau ije baadaye. Al-Ajurrumiyya ya Ibn Ajurrum wa Fes, aliyefariki mwaka 1323, ni kitabu chenye baraka, na wanafunzi wengi wa mwambao wetu wamekihifadhi kwa moyo. Lakini kiliandikwa kupanga kanuni za lugha ambayo msomaji amekwisha kuisikia. Mtoto asiyeweza kuomba maji kwa Kiarabu akianza na irabu za maneno, atakuwa yule mtu wa Ibn Khaldun, ajuaye kueleza ushonaji asiyejua kushika sindano. Tumpe mwaka mmoja au miwili ya kusikia na kusema, kisha nahau itamjia kama jibu la maswali yaliyokwisha kumzukia mwenyewe.

Mzazi asiyejua Kiarabu

Wazazi wengi husema: mimi mwenyewe sikijui Kiarabu, nitamsaidiaje mwanangu? Jibu ni kwamba kutojua kwako kunaweza kuwa msaada. Mpe mtoto dakika kumi baada ya magharibi awe mwalimu wako. Akufundishe maneno matano aliyoyapata leo, nawe uyakosee mbele yake, akusahihishe. Mtoto anayefundisha hurudia bila ya kujua kwamba anarudia. Na akimwona baba au mama anajaribu na kukosea bila ya kuona haya, atajua kwamba kukosea si aibu.

Jikoni nako ni darasa. Mama anapopika, amwambie binti na kijana pia, kwani jiko si la wasichana peke yao, wataje kwa Kiarabu kila walichokishika. Wataanza na vile ambavyo Kiswahili kimevichukua, kama sukari, asali, kahawa na bamia, na wataongeza vipya. Jambo jingine zuri ni kuifufua hati yetu ya zamani. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne kadhaa kabla ya kuenea herufi za Kilatini. Mtoto anayejifunza herufi apewe kazi ya kuandika kwa herufi hizo orodha ya vitu vya kununua dukani, au salamu kwa bibi yake. Wako mabibi ambao hawakwenda shule lakini husoma hati hiyo bila ya taabu, na furaha ya bibi na mjukuu wakiandikiana ni somo tosha.

Ama simu na televisheni, zina faida zikisimamiwa. Zipo katuni na visa vya watoto kwa Kiarabu fasaha, na mtoto akivitazama kwa dakika chache pamoja na mkubwa, sikio lake hupata mazoezi ambayo madrasa peke yake haiwezi kumpa. Mzazi atambue tu kwamba tamthilia nyingi hutumia Kiarabu cha mitaani cha Misri au cha nchi nyingine, chenye maneno yasiyo ya Kiarabu cha Qur'an na vitabu. Tuanze na kile fasaha.

Hoja za wanaopinga

Wapo wazee wetu watakaosema: sisi tulisoma kwa bakora, na tulielimika. Tunawaheshimu, na tunaomba watazame pia upande wa pili. Waliofika mbali walikuwa wale waliokaa miguuni mwa sheikh kwa miaka mingi, wakasikia darsa, wakauliza, wakajibiwa. Kilichowaelimisha ni mazungumzo hayo marefu. Ama wale wenzao waliochapwa wakakimbia, hatuwaoni leo katika safu za wanavyuoni ili tuwaulize habari zao.

Wapo pia watakaosema kwamba michezo na vicheko vitaondoa heshima ya madrasa. Hofu yao ni ya haki, na ndiyo maana nikasema masomo haya mawili yatenganishwe. Msahafu unapofunguliwa, kikapu kiwekwe pembeni, watoto watawadhe na watulie. Msahafu ukisharudishwa mahali pake, ndipo kikapu kifunguliwe. Mtoto mdogo anaielewa tofauti hii upesi akiiona inafanyika kila siku kwa utaratibu ule ule.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya walimu wenyewe. Mwalimu mmoja ana watoto sitini, mkubwa ana miaka 15 na mdogo ana miaka mitano, wote katika chumba kimoja. Atacheza na nani, na nani atamsikiliza? Hapa lawama haiwi ya mwalimu. Ni ya sisi tunaochangia mnara na zulia la msikiti kwa ukarimu, kisha tunamwacha mwalimu wa watoto wetu aishi kwa ada ya Alhamisi isiyolipwa na nusu ya wazazi. Kamati ya msikiti inaweza kuamua kwamba sehemu maalumu ya mchango wa Ijumaa moja kila mwezi iende kwa walimu. Inaweza kumpatia mwalimu msaidizi miongoni mwa vijana waliohitimu, ili watoto wagawanywe kwa viwango. Inaweza kununua picha za ukutani na vitabu vichache vya visa. Na wakati wa likizo inaweza kuwakusanya walimu wa madrasa jirani kwa siku chache, wafundishane njia walizozijaribu zikafaa. Ni gharama ndogo ukizilinganisha na vigae vya msikiti.

Ndugu Waislamu, mtoto anayefahamu anachokisema katika swala yake hahitaji kusukumwa aende kuswali kila mara, kwani ameonja utamu wa kuzungumza na Mola wake. Tuanze usiku wa leo na Fatiha, kwa neno moja tu. Kesho neno la pili. Na walimu wetu waanze wiki ijayo kwa dakika 20 ambazo ndani yake hakuna mtoto atakayeadhibiwa kwa kufungua mdomo.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu awafahamishe watoto wetu dini yao, awalipe kheri walimu wao, na atujaalie sisi wazazi kuwa msaada kwao. Wabillahi tawfiq.